Kinanda changu kinapigana na ilimba ya mjomba: naomba ushauri kuhusu albamu ya kielektroniki yenye asili ya Kigogo

Mtayarishaji wa Nkuhungu aliuliza:

Mbukwenyi wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wangu.

Mimi ni mtayarishaji wa muziki hapa Dodoma mjini. Nina studio ndogo ya chumba kimoja nyumbani Nkuhungu, na riziki yangu naipata kwa kutengeneza biti za vijana wa Bongo Fleva na kurekodi kwaya. Tangu kiangazi cha mwaka jana nimekuwa nikifanya kazi nyingine ambayo hakuna mtu aliyeniagiza: albamu ya majaribio, ya muziki wa kielektroniki, ambayo msingi wake wote ni muziki wa Wagogo niliokulia ndani yake kwa upande wa mama. Sikusudii kuchukua wimbo wa wazee na kuubandikia ngoma za kompyuta ili uchezeke kwenye sherehe, kwa maana kazi hiyo imeshafanywa sana na wengine. Ninachotamani ni albamu ambayo mtu akiisikiliza atahisi kwamba kompyuta imekaa miguuni pa mpiga ilimba na kufundishwa.

Mjomba wangu anaishi Mvumi na ni mpiga ilimba, kile kisanduku chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Nilimfuata nikiwa na kinasa sauti na vipaza sauti viwili, nikakaa kwake siku tatu. Ilitubidi turekodi usiku, watu wakishalala, kwa sababu mchana upepo wa huku kwetu hauachi bati likatulia. Nilirudi mjini na saa nne hivi za sauti: ilimba peke yake, ilimba pamoja na kuimba kwake, zeze kidogo, na jioni moja ambayo akina mama wa jirani walikuja na ngoma zao wakapiga muheme hadi vumbi likapanda.

Nilipofika studio nilifanya kile ninachokifanya kila siku. Nilipitisha rekodi zote kwenye programu ya kuondoa kelele, kwa sababu ilimba ilikuwa na mzumo fulani niliouona ni uchafu. Nikavuta kila pigo likae kwenye gridi, ile mistari ya kompyuta inayogawa muda sawasawa. Nikaongeza kinanda cha kielektroniki chenye sauti ndefu zinazotandazwa chini ya ilimba, na besi. Wimbo wa kwanza ulipokamilika nilijivunia, nikaupeleka Mvumi.

Mjomba alivaa hedifoni, akasikiliza hadi mwisho bila kusema neno, akazivua taratibu, akazikunja na kunirudishia mkononi. Kisha akasema: "Mpwa wangu, hiki kinanda chako kinapigana na ilimba. Na ilimba yenyewe umeinyoa."

Maneno hayo yameninyima usingizi. Mwenzangu mmoja wa kazi alinishauri niisahihishe ilimba kwa programu ili ifuate kinanda. Nilijaribu, ikawa kama kengele ya shule. Ule utamu wote ukatoka. Kwa hiyo naomba wenye ujuzi mnisaidie. Ni kwa nini sauti hizi mbili zinapigana, ilhali nilichagua funguo za kinanda zilizo karibu kabisa na zile za ilimba? Na mjomba ana maana gani anaposema nimeinyoa? Nimeshindwa kumuuliza kwa sababu niliona haya.

Fundi Mitambo wa Area C alijibu:

Marahaba, ndugu yangu. Mjomba wako amesema kweli, na alichokisema kinaweza kupimwa kwa namba.

Chukua uzi wa zeze unaotikisika mara 100 kwa sekunde. Uzi huo hautikisiki ukiwa mzima tu; wakati huo huo hutikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea hivyo, kiasi kwamba ndani ya sauti moja tunayoisikia mna sauti nyingine nyembamba za mitikisiko 200, 300, 400, 500, 600, 700, 800, 900 na zaidi. Huo ndio mfuatano wa asili, na haukubuniwa na mtu. Umo katika kila uzi, kila filimbi na kila koo. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza muziki wa Afrika, alieleza kwamba skeli ya Wagogo, yaani mpangilio wa sauti za muziki wao, inatoka katika mfuatano huo, hasa katika sauti ya 4 hadi ya 9, ukihesabu ile ya 100 kuwa ya 1. Maana yake ni kwamba babu zetu walichukua sauti zilizokuwa tayari ndani ya uzi, wakazitoa nje na kuzifanya nyimbo.

Kinanda chako kimetengenezwa kwa kanuni nyingine. Kimeigawa oktavu, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile yenye mitikisiko mara mbili yake, katika hatua 12 zilizo sawa, ili mpigaji aweze kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila kukaza nyuzi upya. Ni ufundi wenye manufaa yake, lakini una gharama. Ukikianzisha kinanda hicho kwenye 400, sawasawa na ilimba, sauti yake iliyo karibu na 500 itakuwa 504. Iliyo karibu na 600 itakubaliana nayo karibu kabisa. Iliyo karibu na 700 itakuwa takriban 713. Na iliyo karibu na 900 itakuwa 898. Sasa sauti ya 700 na ya 713 zikilia pamoja, mawimbi yake hukutana na kuachana mara 13 kila sekunde, na sikio husikia tetemeko, kama vitu viwili vinavyogombania nafasi moja. Mjomba wako aliposema vinapigana hakuwa akitumia tamathali ya usemi. Alikuwa akieleza kitu kinachotokea ndani ya hedifoni.

Kwa hesabu ya mafundi, hatua moja ya kinanda ina senti 100, na ile sauti ya 7 iko chini ya ufunguo wa kinanda kwa senti 31, karibu theluthi ya hatua. Programu ya kusahihisha sauti, aina ya Auto-Tune iliyotoka mwaka 1997, kwa mpangilio wake wa kawaida huona tofauti hiyo kuwa kosa, na huisukuma ilimba ipande hadi kwenye ufunguo. Ndiyo maana ukasikia kengele ya shule. Uliisahihisha sauti ambayo haikuwa na kosa.

Kwa hiyo usiiguse ilimba. Kirekebishe kinanda. Programu nyingi za vinanda vya kielektroniki huruhusu mtumiaji kupanga skeli yake mwenyewe, ama kwa kuingiza faili la skeli, ama kwa kushusha na kupandisha kila ufunguo kwa senti. Lakini kabla hujaandika namba yoyote, rudi kwa mjomba umwombe apige kila ulimi wa chuma peke yake, mara tatu, aache ufe wenyewe, kisha upime. Usiniamini mimi, wala usimwamini Kubik, mpaka umepima, kwa sababu fundi wa ilimba huipanga kwa sikio, akiusogeza ulimi mbele kidogo kuishusha sauti na kuurudisha nyuma kuipandisha, na ilimba ya mjomba wako ina tabia yake ambayo huenda ya jirani yake haina. Tofauti hizo ndogo ndizo zitakazoipa albamu yako uso wake.

Nina wazo moja zaidi, na hili naliona ndilo la kielektroniki kweli. Ikiwa ilimba inapiga sauti ya 4 hadi ya 9, basi kuna sauti ya 1 ambayo hakuna anayeipiga. Ni mzizi wa zote, na haulii, unadokezwa tu. Ilimba ndogo haiwezi kuitoa kwa sababu iko chini mno kwa kisanduku chake. Kompyuta inaweza. Futa besi yako yote, tafuta mzizi huo kwa hesabu, kisha uupige kwa wimbi moja safi na la polepole chini ya ilimba. Kwa namna hiyo mashine itakuwa inafanya kazi ambayo chombo cha asili kiliiacha wazi, badala ya kurudia kile ambacho mjomba ameshakifanya vizuri zaidi.

Mpiga Ilimba wa Chamwino alijibu:

Kijana wangu, mbukwa. Fundi ameeleza habari ya kupigana, nami sina la kuongeza hapo ila kumshukuru, kwa sababu jambo hilo nimelisikia kwa masikio tangu utotoni na leo ndiyo mara ya kwanza naliona limeandikwa kwa namba. Mimi nitajibu habari ya kunyoa.

Ule mzumo uliouondoa si uchafu. Ukiigeuza ilimba ya mjomba wako utaona tundu kwenye kisanduku chake, na juu ya tundu hilo pamebandikwa utando mweupe, mwembamba kuliko karatasi. Utando huo hutokana na buibui wa ukutani, yule anayefunika mayai yake kwa kiduara cheupe. Tulipokuwa wadogo kazi yetu ilikuwa kuvitafuta viduara hivyo kwenye kuta za nyumba za udongo, kuvibandua kwa ncha ya kisu bila kuvipasua, na kumletea mpigaji. Ulimi wa chuma ukilia, hewa iliyo ndani ya kisanduku huutikisa utando, nao huzuma. Utando ukichanika, mpigaji huacha kupiga hadi apate mwingine. Sisi tunasema ilimba isiyozuma imenyamaza hata kama inasikika. Kwa hiyo mwanangu, ulichukua kitu ambacho mpigaji anakihangaikia kukiweka, ukakitoa kwa kubofya mara moja. Hapo ndipo ulipoinyoa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa mashine huwa hawalioni. Ilimba kubwa ina ndimi nyingi kuliko zile zinazoguswa na vidole gumba. Nyingine zimewekwa ili ziitikie tu: unapopiga ulimi huu, ule wa pembeni ambao haujaguswa nao huamka kidogo, na baada ya muda chombo kizima huwa kama nyumba yenye watu wanaonong'ona. Programu yako ya kuondoa kelele hufunga mlango mara tu sauti kubwa inaposhuka, na mlango ukifungwa wale wanaoitikia hubaki nje. Hebu sikiliza rekodi yako ya kwanza kabisa, ile ambayo hujaigusa, uongeze sauti hadi mwisho baada ya pigo la mwisho la mjomba. Utawasikia. Kama nafsi yako inatafuta mahali pa kuanzia majaribio, anzia hapo, kwenye mwitiko huo, uurefushe hadi uwe wimbo mzima.

Na gridi uiache. Katika ilimba gumba la kulia lina njia yake na la kushoto lina njia yake, na wimbo uko kati yao. Mwimbaji naye huingia anapoona maneno yameiva. Mjomba wako akifika mahali pa kumtaja marehemu atapunguza mwendo bila kujua, na akifika kwenye kiitikio atakaza. Ukimnyoosha unakuwa umemnyang'anya pumzi. Mfanye yeye awe saa, mashine imfuate. Kwa jinsi ninavyoelewa, inawezekana kuiwekea kompyuta alama za mapigo kwa mkono, moja baada ya moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini kulima nako kunachosha na watu hulima.

Msikilizaji wa Kongwa alijibu:

Naomba niongeze upande wa kusikiliza, maana mwuliza swali hayuko peke yake katika njia hii, na ni vizuri ajue waliotangulia walipita wapi.

Hukwe Zawose, Mgogo wa kwetu aliyehamia Bagamoyo na kufariki huko mwaka 2003, alirekodi Chibite iliyotoka mwaka 1996, ambayo ni muziki mtupu wa ilimba, zeze na sauti, kisha akashirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002. Brook anajulikana kwa gitaa alilolibadilisha ili sauti yake iweze kushikiliwa bila kufa. Nimeisikiliza Assembly mara nyingi, na maoni yangu ni haya: inapendeza zaidi pale gitaa linaposhika sauti moja na kumngoja mzee, na inanichosha pale ngoma za mashine zinapompangia mwendo. Mwaka 2017 mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa Uhamiaji pamoja na mtayarishaji Sam Jones, na humo vinanda vya kielektroniki vimeingia ndani zaidi, hadi mahali pengine huwezi kutenganisha zeze na mashine. Mwaka 2024 wakaja Pendo na Leah Zawose na albamu ya Maisha. Hiyo nakuomba uisikilize kwa makini, kwa sababu ni wanawake wa ukoo ambao kwa miaka mingi walisimama nyuma kama waitikiaji, na sasa wao ndio wanaoongoza.

Nje ya nchi yetu, wasikilize Konono Nº1 wa Kinshasa. Hao waliunganisha likembe, ndugu yake ilimba, na vipaza sauti walivyojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari, na sauti ilipokwaruza hawakuisafisha. Waliiona inazuma kama inavyopaswa kuzuma. Pia yupo Halim El-Dabh wa Misri, ambaye mwaka 1944 alirekodi sherehe ya zaar, ya kupunga pepo, mjini Cairo kwa kinasa sauti cha waya, kisha akaziondoa sauti za mzizi ili zibaki zile nyembamba za juu. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kutoa kazi zake za kwanza za aina hiyo Paris mwaka 1948. Ninalitaja hili kwa moyo wote, kwa sababu vijana wetu hudhani kwamba muziki wa kielektroniki ni mgeni aliyekuja Afrika juzi. El-Dabh aliondoa mzizi, na Fundi anakushauri wewe uurudishe. Mnafanya kazi moja kutoka pande mbili.

Mtayarishaji wa Nkuhungu aliandika:

Wakubwa zangu, nawashukuru sana. Nimeifungua ile rekodi ya kwanza usiku wa jana na kwa kweli nimewasikia wale wanaoitikia, ndani ya sekunde nne hivi ambazo nilikuwa nimezikata zote. Nitarudi Mvumi kupima.

Kabla sijaondoka, naomba kuuliza jambo moja lililobaki. Ile jioni ya muheme ni rekodi nzuri kuliko zote nilizonazo. Nimeshakata vipande vidogo vya ngoma, vingine vya sehemu ya kumi ya sekunde, nikavipanga upya hadi vikawa kama mvua inayoanza juu ya bati. Akina mama walijua ninarekodi, kinasa sauti kilikuwa mbele yao. Je, hiyo inatosha?

Binti Manyoni alijibu:

Kaka yangu, nakujibu kama mwanamke niliyeshika ngoma hiyo katikati ya mapaja tangu nikiwa msichana, na ninakujibu bila hasira kwa sababu umeuliza kabla ya kutoa.

Haitoshi. Kujua kwamba kinasa sauti kiko mbele yangu na kujua kwamba sauti ya ngoma yangu itakatwa vipande, ipangwe upya na kuuzwa kwa watu nisiowajua ni mambo mawili tofauti. Akina mama walikuona kama mtoto wa dada yao aliyekuja kutembea. Walikupigia wewe.

Tena muheme si mdundo tu. Kwetu ni ngoma ya wanawake, na mahali pake pa asili ni katika kumtoa msichana. Siku hizi tunaipiga pia kwenye matamasha na kwenye mapokezi ya viongozi, na hakuna anayelaumu, lakini hata hapo sisi ndio tunaoamua ni mpigo upi uletwe hadharani na upi ubaki nyumbani. Wewe hujui katika ile jioni walipiga ipi. Mimi pia sijui, kwa kuwa sikuwepo. Wao wanajua. Kwa hiyo chukua spika, usichukue hedifoni, kwa sababu hedifoni humfanya mtu asikilize peke yake na jambo hili si la mtu mmoja. Wakusanye wote waliopiga, wachezee rekodi yenyewe kwanza, halafu kile ulichokitengeneza, na uwaeleze kwa lugha ya nyumbani kitakwenda wapi na kama kitaleta fedha watapataje. Kisha uwaache wazungumze bila wewe kuwepo. Wakisema kipande fulani kitoke, kitoke, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote.

Nyimbo za makumbi usizirekodi kabisa. Hizo ni za jando na zina wenyewe.

Upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, ikitaka anayezitumia kwa kujipatia faida nje ya mazingira yake ya asili apate idhini, na mahali pa kuanzia kuuliza ni Baraza la Sanaa la Taifa. Fanya hivyo, ni haki na itakulinda. Ila usianzie huko. Karatasi ya mjini ikitangulia kufika kijijini kabla ya wewe mwenyewe, akina mama watajua kwamba jambo limeshaamuliwa.

Na majina yao uyaandike kwenye albamu kama wapigaji, kila mmoja lake, iwapo watapenda. Nimechoka kuona "ngoma za asili" zimeandikwa kana kwamba zilijipiga.

Mtayarishaji wa Nkuhungu aliandika:

Nimerudi kutoka Mvumi juzi, nami nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza yaliyotokea.

Nilipima ilimba, ulimi mmoja mmoja, mara tatu kila mmoja kama Fundi alivyoelekeza. Sauti ya 7 ya mjomba iko chini ya ufunguo wa kinanda kwa senti 27, si 31, na sauti ya 5 iko chini kwa senti 19. Nilizichukua kama zilivyo na kukipanga kinanda changu kwa namba hizo. Nilipomwonyesha mjomba tundu la nyuma na kumuuliza habari ya utando alicheka, akaniuliza ni nani amenifundisha. Nilipomwambia kuna mpigaji wa Chamwino ameniandikia, alisema hayo ndiyo aliyokuwa akingoja nimuulize mwenyewe.

Wimbo wa kwanza nimeutengeneza upya kuanzia mwanzo. Rekodi haijasafishwa, gridi haipo, na chini ya ilimba hakuna kitu ila ule mzizi, wimbi moja la chini kabisa linaloingia polepole kwa muda wa dakika mbili hivi hadi mtu asitambue lilianza lini. Mwishoni mjomba anapoacha kupiga, zile sekunde nne za mwitiko nimezirefusha zikawa dakika sita.

Nilimchezea jioni, kwa spika, tukiwa tumekaa nje. Mzizi ulipoingia hakusema kitu, ila nilimwona ameinua kidevu kidogo kama mtu anayesikia anaitwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na ilimba, akaanza kupiga juu ya rekodi yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikusikia vita. Alipiga hadi zile dakika sita zikaisha. Halafu akaniambia ubeti wa tatu alikuwa ameusahau ile siku tuliyorekodi, na kwamba nikija tena nije na kinasa sauti ili auweke mahali pake.

Akina mama waliopiga muheme walikuwa saba. Nilifanya kama Binti Manyoni alivyoniagiza: nikawachezea rekodi yenyewe, nikawachezea vipande vyangu, nikawaeleza, nikaondoka nikaenda kukaa chini ya mbuyu. Walikaa muda mrefu. Waliponiita walikuwa wamekubaliana kuhusu mpigo mmoja, ambao wanasema ni wa kukaribisha wageni na hauna shida. Kuhusu ule mwingine, ambao ndio niliokuwa nimeukata ukawa mvua, walisema kuna bibi mmoja wa Handali ambaye lazima aulizwe kwanza, na wao wenyewe watakwenda kumuuliza baada ya mavuno. Nimeutoa wimbo huo kwenye orodha kwa sasa, na faili lake nimelihamishia kwenye diski ya peke yake niliyowaachia wao.